Mwaka wa Kusoma Kitenzi cha Kuja

Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili nilipoanza kusoma shahada ya uzamili, na wengi walionifahamu waliona najitafutia maumivu ya kichwa bure. Mume wangu alikuwa ameshafariki miaka sita nyuma. Mwanangu wa pekee anafanya kazi Dodoma. Hupiga simu Jumapili jioni, na mazungumzo yetu huisha kabla chai yangu haijapoa. Nyumba ninayopanga hapa Kahororo ina vyumba vitatu. Kwa muda mrefu nilikuwa naishi katika kimoja, na vile vingine nikivifungua Jumamosi ili nivifagie, kisha navifunga tena.

Nafundisha Kiingereza sekondari. Masomo ya uzamili niliyafuata kwa mtandao, kwa sababu chuo kiko mbali na mvua za Bukoba haziniruhusu hata kufika sokoni bila kupanga. Msimamizi wangu alikuwa mama mwenye sauti ya upole na kalamu kali. Nilimpelekea mada tatu kubwa, zote akazikataa. Mara ya nne akanipigia simu.

"Mwalimu, wewe unataka kubeba mlima," alisema. "Chukua kitabu kimoja. Ndani ya kitabu hicho chukua neno moja. Ukilijua hilo neno vizuri, nitakupa shahada."

Nikachukua kitenzi *come*.

Sikulichagua kwa kubahatisha. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayesimama mlangoni, mguu mmoja uko nje, akiniambia kwa Kiingereza kwamba anakuja. Anaondoka, lakini anasema anakuja, kwa sababu ndivyo tunavyosema kwa Kiswahili na ndivyo tunavyosema kwa Kihaya. Mtu anainuka kwenye kiti, anachukua mwavuli, anasema "nakuja", na nyumba nzima inaelewa kwamba anatoka kidogo na atarudi. Miaka ishirini na nane nimewasahihisha watoto kosa hilo kwa wino mwekundu. Nikaona ni haki walau nijue wenye lugha yao hulitumiaje.

Riwaya niliyoichagua niliikuta kwenye sanduku la vitabu vya msaada pale shuleni, haina jalada. Ni hadithi ndefu ya dada wawili wanaoendesha nyumba ya kulaza wageni katika mji mdogo wa baridi. Nilijua neno langu nitalikuta kwa wingi, maana mahali pa wageni watu huja. Lakini sikutarajia mengine. Kifungo cha koti kinapong'oka, kwa Kiingereza kimekuja kutoka kwenye koti. Mtu aliyezimia akizinduka, amekuja. Dada mkubwa anamchukia mgeni mmoja mwanzoni, kisha taratibu, sura baada ya sura, anakuja kumpenda. Na mpango wao wa kupanua nyumba unapoharibika, mwandishi anasema ulikuja kwenye si kitu.

Nilinunua karatasi za manila, nikazikata kadi ndogo, na kila sentensi yenye neno hilo nikainakili kwenye kadi yake. Kadi zilipokuwa nyingi meza haikutosha. Nikaanza kuzipanga kitandani, upande usiolaliwa. Makundi yalikuwa matatu: kuja kwa miguu, kuja kwa mambo yasiyo na miguu kama barua na baridi, na kuja kunakomaanisha kugeuka au kufikia hali fulani. Nilikuwa nikirudi shule saa kumi, nikinywa uji, nikipiga magoti kando ya kitanda kama mtu anayesali, nikihamisha kadi kutoka rundo hili kwenda lile. Wakati mwingine jua lilizama sijasema neno kwa mtu tangu kengele ya mwisho ya shule.

Jumapili nilikuwa nakwenda Izigo, nyumbani kwetu, ambako kaka yangu ndiye anayekaa kwenye kibanja cha baba, shamba letu la migomba. Baada ya misa tunakula ndizi na maharage, halafu wanaume wanazungumza bei ya kahawa. Siku moja kaka aliniuliza ninachosoma.

"Neno," nikamwambia.

"Maneno gani?"

"Neno moja."

Akaacha kutafuna. "Moja? Mwaka mzima?"

"Mwaka na zaidi kidogo."

"Na wanakupa cheti?"

Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Hakuna aliyeniuliza ni neno gani. Njiani kurudi Bukoba nilijikuta nimejiandaa kulijibu swali hilo, na jibu bado liko mdomoni.

Nilipomtumia msimamizi makundi yangu, alinijibu kwamba kazi ni safi lakini haitoshi. "Umepanga peke yako," alisema. "Tafuta msomaji wa pili. Mpe kadi zilezile bila kumwonyesha ulivyozipanga wewe. Mkipishana, mjadiliane. La sivyo watahini watasema ni mawazo ya mtu mmoja chumbani."

Hilo la mtu mmoja chumbani lilinichoma, ingawa hakujua alichosema.

Nilijaribu walimu wenzangu. Mwalimu kijana wa Kiingereza alichukua kadi, akazirudisha baada ya wiki mbili bado zimefungwa mpira nilioufunga mimi. Mwingine alisema atanisaidia likizo, kisha likizo ikaisha. Sikuwalaumu, kila mtu ana mzigo wake. Mwishowe mama mwenye duka la steshenari mjini, ninakochapishia kazi zangu, ndiye aliyenielekeza.

"Kuna mzee nyuma ya msikiti," alisema. "Alikuwa mkalimani wa mahakama. Anakuja hapa kutoa fotokopi za magazeti. Kiingereza chake ni cha zamani, kile kilichonyooka. Nenda kamwone."

Nilikwenda Alhamisi, baada ya swala ya alasiri. Alikuwa mzee mrefu mwembamba, kanzu imepigwa pasi, ameketi barazani na redio ndogo iliyozimwa. Mama yake alikuwa Mhaya, na ukoo wa baba yake ulifika Bukoba kutoka pwani zamani sana, kabla ya kumbukumbu zake. Mkewe alikuwa amefariki. Jirani ndiye aliyekuwa akimletea chakula.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu." Nilishangaa amejuaje. "Una chaki kwenye mkono wa gauni," alisema.

Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akanyoosha mkono apewe kadi. Alisoma ya kwanza kwa sauti, kwa matamshi ya taratibu kana kwamba anaapishwa. Akaiweka juu ya mkeka. Akasoma ya pili, akaiweka mbali kidogo na ile ya kwanza.

"Malipo sitaki," alisema. "Njoo Alhamisi. Siku nyingine nina miadi na daktari wa macho, au nasema ninayo."

Hivyo ndivyo Alhamisi zangu zilivyopata kazi. Nilikuwa napita sokoni nikinunua maandazi au mapapai, nakaa kwenye kigoda, yeye anasoma na kupanga, mimi naandika. Alikuwa msomaji mkali. Kadi moja aliweza kuishika dakika kumi, akiniuliza nani alikuwa chumbani wakati neno linasemwa, nani alikuwa amesimama, nani alimtazama nani. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu hicho mara nne, na mara nyingi sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafungua ukurasa tena.

Baada ya mwezi hivi niliona amefungua rundo la nne.

"Mzee, makundi ni matatu."

"Yako ni matatu. Uliniambia nisiangalie yako."

Nikaomba nione. Kadi ya juu ilikuwa sentensi rahisi kuliko zote. Katika riwaya, dada mkubwa yuko jikoni, anamwita mdogo wake ashuke chakula kinapoa. Mdogo anajibu kutoka ghorofani kwamba anakuja. Mimi nilikuwa nimeiweka kwenye kundi la miguu, bila kufikiri mara mbili.

"Alishuka?" mzee akaniuliza.

Nilikumbuka. Hakushuka. Alikuwa ameketi dirishani na barua, na sura inaishia hapo.

"Basi hakuna miguu hapo," alisema. "Hapo mtu amepewa neno la kumtuliza wakati anangoja. Ni kazi nyingine kabisa. Nimeitafuta kwenye makundi niliyoyajua, sikuona pa kuikalisha."

Nilimbishia. Nilimwambia maana ya neno haipimwi kwa kuangalia kama ahadi ilitimizwa. Nilimwambia watahini watanicheka. Alinisikiliza, akakunja mikono.

"Mwalimu," alisema, "neno hili lilinipotezea usingizi kabla wewe hujaliandika kwenye manila."

Ndipo akanisimulia.

Alikuwa bado na nguvu wakati huo, anafanya kazi katika mahakama moja ya huku kwetu. Hakimu alikuwa mgeni, hajui Kihaya. Mkalimani alikuwa akigeuza Kihaya kuwa Kiswahili, na hakimu anaandika kwa Kiingereza. Ikaja kesi ya kibanja cha Ijumbi. Mwanamume mmoja alikuwa ameondoka na mkewe kwenda visiwani kutafuta riziki, akamwachia mdogo wake kibanja akitunze. Waliporudi baada ya miaka miwili, mdogo akasema kibanja ni chake. Yule mkubwa akasimama kizimbani, akaeleza kwa Kihaya alichomwambia mdogo wake siku ya kuondoka. Alimwambia *ninyija*. Nakuja.

"Mimi nikamwambia hakimu: alisema, nitakuja siku moja."

Aliinua kidole kimoja.

"Siku moja hakusema," alisema. "Niliongeza mimi. Ilikuwa karibu na saa ya chakula, kesi ni nyingi, sentensi ilionekana fupi mno kwa Kiswahili, nikaitia mkia. Kwetu mtu akisema *ninyija* hajaondoka. Kiti chake bado ni chake. Lakini anayesema nitakuja siku moja, huyo ameshakwenda. Nilimwona hakimu anaandika. Nilitaka kusema samahani mheshimiwa, na shahidi mwingine akaitwa. Wiki iliyofuata yule bwana akanyang'anywa kibanja."

"Ulimwambia mtu?"

"Nimekwambia wewe."

Nilikusanya kadi, lile rundo la nne nikalifunga mpira wake peke yake. Usiku ule sikuzipanga kitandani.

Jumapili, Izigo, nilimwuliza wifi yangu kama ana ndugu Ijumbi, maana ndiko alikozaliwa. Nilimtajia ile kesi kwa juu juu, bila kumtaja mzee. Aliijua. Yule bwana alishafariki, alisema, lakini mkewe yupo, anakaa ukingoni mwa rweya, ile mbuga ya nyasi, kwenye kipande cha ardhi alichopewa na kaka yake mwenyewe. Aliniambia hata rangi ya mlango.

Alhamisi nilimwambia mzee. Nilifikiri atakasirika kwamba nimechokonoa. Aligeuza andazi mkononi mpaka likapoa.

"Gari utapata?" aliuliza.

Tulikodi Probox Jumamosi asubuhi. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti la suti juu yake, koti la mahakamani, nilihisi, kwa sababu lilikuwa limemzidi mabega. Ulikuwa msimu wa kahawa, na kila ua tulilopita lilikuwa na mikeka ya buni zinazoanikwa. Tulipopita Izigo nilimwonyesha kwetu, akaitikia kwa kichwa.

Yule mama tulimkuta anachambua maharage mbele ya nyumba. Alikuwa mzee kuliko nilivyotazamia, mdogo wa umbo, kitambaa cha kichwani kimefungwa kwa unadhifu. Mzee alimsalimu kwa Kihaya, kwa heshima zote, akimwita Ma. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kihaya. Nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Ma, mimi nilikuwa mkalimani siku ya kesi yenu," alisema. "Nilikuwa nimesimama kati ya mume wako na hakimu."

Yule mama aliinua uso kutoka kwenye maharage. "Hakimu namkumbuka," alisema. "Alikuwa na miwani na alikuwa akikohoa. Wewe sikukuona."

"Nilikuwepo. Maneno yote yalipita kwangu."

"Huenda. Mimi nilikuwa nyuma, na kulikuwa na watu wengi."

Nilijua amejiandaa kwa laana, pengine kwa machozi, na badala yake amekuta mtu asiyemjua. Akaanza kueleza kosa lake. Alieleza vizuri, bila kujitetea: neno lililosemwa, neno alilolisema yeye, mkia aliouongeza. Yule mama alisikiliza, vidole vikiendelea kuchambua maharage. Alipomaliza, mama aliinuka, akaingia ndani. Nikadhani ametufukuza kwa adabu. Akatoka na kikapu chenye kifuniko, na ndani ya kikapu mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko karatasi zilizopigwa taipu, kingo zake zimegeuka kahawia.

"Hii ndiyo hukumu," alisema. "Mume wangu alipewa. Ni Kiingereza. Alimpelekea mtu mmoja amsomee, yule mtu akasema kwa kifupi, umeshindwa. Nimeitunza. Kama mnajua Kiingereza, nisomeeni yote."

Mzee alizipokea kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akajaribu, akazisogeza mbali kisha karibu na macho. Akanipa mimi.

"Soma wewe, Mwalimu. Mimi nitamwambia."

Akasimama. Yule mama akamwambia akae, atachoka, lakini alibaki wima, mikono nyuma, kando ya kigoda chake. Nikasoma sentensi moja, nikanyamaza, akaigeuza Kihaya. Nikasoma nyingine. Sijawahi kusikia ukalimani kama ule. Hakuongeza na hakupunguza. Pale hakimu alipoandika kwa kuzungukazunguka naye alizunguka, pale alipoandika kwa ukali sauti yake ilikauka.

Tulifika mwisho. Hukumu ilisema wazee wawili wa ukoo walitoa ushahidi kwamba baba wa ndugu hao, kabla ya kufa, alimpa kibanja yule mdogo mbele yao. Ilisema mkubwa hakuleta shahidi wa kupinga hilo, wala wa mipaka. Kwa hiyo kibanja ni cha mdogo.

"Rudia," mzee aliniambia, kwa Kiswahili.

"Yote?"

"Pale alipoandika maneno ya yule bwana. Alipomuaga mdogo wake."

Hapakuwepo. Nilirudi ukurasa wa kwanza, nikapitisha kidole chini ya kila mstari kama nilivyokuwa nimefanya kwa riwaya nzima, nikitafuta neno moja. Kazi hiyo nilikuwa nimeizoea. Macho yangu yaliweza kuliona *come* hata kabla sijalisoma. Nilipita karatasi zote. Lilikuwa mara moja tu, ukurasa wa pili, pale hakimu aliposema mlalamikaji alikuja mbele ya mahakama hii. Basi. Yule bwana alichomwambia mdogo wake siku ya kuondoka hakikutajwa popote, si kwa kosa wala kwa usahihi. Hakimu hakukijali.

Nilimwambia mzee. Alinyoosha mkono, akaziangalia mwenyewe, polepole, karatasi moja baada ya nyingine, kisha akakaa.

Yule mama ndiye aliyezungumza kwanza.

"Kwa hiyo ni wale wazee," alisema.

"Ndiyo, Ma," mzee akajibu. "Ni wale wazee."

"Majina yao yameandikwa?"

Nikamsomea majina. La kwanza hakulitikisia kichwa. La pili aliweka mkono mdomoni.

"Huyo alisimamia ndoa yetu," alisema. "Alipougua nilimpikia. Alipokufa nilikesha kwake nikilia. Mume wangu naye alikuwepo, alibeba jeneza." Akatazama maharage yake. "Siku ya wazee kusema mimi nilibaki nyumbani, lakini mume wangu alikuwa mahakamani. Alisikia. Miaka yote hiyo hakuniambia."

Hakulia. Aliuliza kama anaweza kurudishiwa karatasi zake, akazikunja kwenye mikunjo ileile, akazirudisha kwenye nailoni. Halafu, kama desturi inavyotaka, akaleta kikapu kidogo cha ukili chenye kahawa ya kutafuna, akampa mzee kwanza, kisha mimi. Tulitafuna tumekaa. Nilijiona nimeingia nyumba ya mtu na kumwibia kitu: msiba aliouomboleza kwa moyo safi. Nilitaka kumwomba radhi, ila sikujua nianzie wapi, na yeye alikuwa ameanza kumweleza mzee kuhusu goti lake.

Katika gari, tulipokwisha kupita Muleba mjini, nilimwambia, "Mzee, hukuharibu kitu."

"Nimesikia."

"Ungepaswa kufurahi."

Aliangalia nje, migomba inapita. "Nilikuwa nimesimama pale kila siku, Mwalimu, miaka mingi," alisema. "Nilidhani nilikosea. Sikuwahi kudhani sikusikika."

Nikapandisha kioo cha upande wangu, vumbi lilikuwa linaingia.

Wiki tatu hakunitaka. Nilikwenda Alhamisi ya kwanza, jirani akaniambia amelala. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu sikwenda. Nilibaki Kahororo, nikavua viatu saa kumi, nikakaa kitandani karibu na kadi bila kuzigusa. Niliona nimempoteza mtu wa pekee ambaye wiki nzima nilikuwa na jambo la kumwambia. Nilijaribu kumpigia mwanangu siku isiyokuwa Jumapili. Alipokea kwa hofu, "Mama, kuna nini?" Nikasema hakuna, akasema yuko kikaoni.

Wiki ya nne mama wa steshenari alinitumia ujumbe: mzee anauliza kadi ziko wapi.

Nilipofika alikuwa kwenye mkeka wake. Alichukua kifurushi cha rundo la nne, akakifungua, akaanza kuzigawa kadi zile kwenye makundi yangu matatu, mojamoja, haraka kuliko kawaida yake.

"Mzee, unafanya nini?"

"Narekebisha. Nilikuwa naiona kesi yangu kila mahali. Huyu binti wa ghorofani ni miguu tu. Ulisema kweli."

Nikaizuia ile kadi kwa kiganja. Nilikuwa na wiki tatu za kuifikiria. Nilimwambia nimekisoma kitabu tena, mara ya tano, nikimtazama binti yule peke yake, na kwamba kila anapoitwa anajibu anakuja, na kila anapojibu hivyo habanduki alipo. Nilimwambia dada mkubwa analijua hilo, maana chakula cha mdogo hukifunika sahani kabla hata hajajibiwa. Mwandishi amelifanya kusudi. Kundi la nne lipo.

"Unanihurumia," alisema.

"Sikuhurumii. Nenda ukurasa wenyewe."

Akaenda. Alisoma kwa sauti, akarudia sehemu ya sahani. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, yeye akilitetea kundi langu na mimi nikilitetea lake, na ilikuwa jioni nzuri kuliko zote za mwaka ule. Mwishowe aliiacha kadi pale nilipoishikilia. "Andika kwamba tulipishana," alisema. "Usiandike kwamba nilikubali."

Tuliimaliza kazi kabla ya mvua za Novemba, zile zinazoleta senene. Muda mfupi baadaye binti yake aliyeolewa Tanga alikuja kumchukua, kwa sababu macho yalikuwa yanazidi kufifia na jirani naye amehama. Nilikwenda kumuaga nikamkuta ameketi kwenye begi. Nilimwuliza jina lake niliandike vipi kwenye ukurasa wa shukrani.

"Usiliandike."

"Mzee, nusu ya kazi ni yako."

"Mkalimani hatajwi," alisema. "Andika msomaji wa pili. Inatosha, na ni kweli." Akaniombea heri, akamwuliza binti yake kama wamefunga dirisha la nyuma.

Tasnifu niliitetea kwa kompyuta, katika chumba cha kompyuta cha shule, Jumamosi, nje wanafunzi wakifua nguo. Watahini walikuwa watatu kwenye kioo. Mmoja aliuliza sana kuhusu kundi la nne. Alisema linavutia lakini mifano ni michache na yote ni ya mhusika mmoja. Msimamizi wangu alinitetea kidogo, kisha akanyamaza. Wakaniambia nilipunguze liwe aya moja katika sura ya mwisho, na kwamba nimefaulu. Kioo kikazimika. Nilikaa pale mbele ya kompyuta, nikasikia ndoo zinagongana bombani, nikatafuta ufunguo wa kufunga chumba.

Nilimpigia mzee Tanga. Binti yake aliweka simu karibu na sikio lake. Nikamwambia nimefaulu, wamebakiza aya moja. "Ndefu?" akauliza. Nikamsomea yote. Akasema kuna mkato mmoja umezidi, nikautoa.

Mwezi uliopita dereva wa Probox alisimama nje kwangu na mkungu wa ndizi, mkubwa, majani ya mgomba yamefungwa kikonyoni. Alisema ametumwa na bibi mmoja wa Ijumbi, hakumpa ujumbe, amemwelekeza tu kwa mwalimu wa Kahororo mwenye miwani. Mkungu ule ni wa kulisha watu kumi. Nilimenya ndizi chache nikapika na maharage, nikala mezani. Zilizobaki niliziegemeza ukutani katika chumba cha pili, na kila nikipita nasikia harufu yake, zinaanza kuiva kwa pamoja, nyingi kuliko ninavyoweza kula.